Siku Nilipomtaja Mjomba Felisiani

Mwezi uliopita kijana jirani yetu hapa Kaagya alichimba bwawa la samaki bondeni, chini ya migomba yake. Kwa siku mbili alitoa tope jeusi na kulirundika pembeni. Siku ya tatu mvua ikanyesha na harufu ya lile tope ikapanda mpaka barazani kwangu, nilikokuwa nachambua maharage. Tope la chini kabisa, lile lisilowahi kuona jua, lina harufu yake. Ni kama chuma kilicholowa, kama majani yaliyooza, na ndani yake kuna kitu kama mwili wa samaki. Niliacha maharage, nikaingia ndani na kufunga dirisha. Mjukuu wangu akauliza, "Bibi, unaumwa?" Nikamwambia ni baridi tu.

Baridi ilikuwepo, sikumdanganya. Lakini kilichoniingiza ndani si baridi. Ni jambo nililolifanya nikiwa darasa la pili, ambalo sijawahi kulisimulia mwanzo mpaka mwisho. Nyinyi mliokuwa watoto wakati ule, mliokwenda shule asubuhi mkiimba juu ya jembe na nyundo, labda mtanielewa kuliko watoto wangu.

Tulikaa Bilele, mjini Bukoba, hatua chache kutoka Mto Kanoni. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba viwili na bati lenye kutu, na ua wetu wa matete ulitutenganisha na jirani yetu wa pekee wa upande ule, Adelina. Baba alifariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Mama alishona nguo kwa cherehani barazani. Mtu wa tatu katika nyumba yetu alikuwa Mjomba Felisiani, mdogo wake Mama wa kufuatana.

Mjomba alikuwa amefanya kazi kwenye kinu cha kukoboa kahawa mpaka siku mkanda wa mashine ulipomnasa mkono wa kushoto. Vidole viwili vilikatwa. Viwili vilivyobakia vilikakamaa kama vijiti, kikabaki kidole gumba peke yake kinachofanya kazi. Hawakumtaka tena kinuni. Akaja kwetu na sanduku lake la mbao, ndoana zake ndani ya kopo la dawa, na tabia ya kuficha ule mkono kwenye mfuko wa koti kila mgeni alipopiga hodi.

Hakukaa bure. Alikwenda mtoni. Wengine walivua ziwani kwa mitumbwi na nyavu, yeye alivua mjini humo humo, kwenye Kanoni na kwenye mashimo ya zamani ya wafyatua matofali yaliyojaa maji ya mvua. Wakati wa kiangazi alipata furu wadogo wa kukaanga. Msimu wake hasa ulikuwa masika, wakati watu wenye akili zao wanakaa jikoni karibu na moto. Ukungu ulitoka ziwani ukalala juu ya mji mpaka saa nne, na maji ya mto yakawa ya kahawia, yakikimbia kwa kelele. Hapo ndipo ningu walipotoka ziwani kupanda mto kwenda kutaga, na kambare wakaibuka kwenye mashimo. Mjomba alisema samaki wa masika ana haraka, na mwenye haraka hatazami anakokwenda.

Alinichukua. Mvulana wa nyumba nyingine angefaa zaidi, watu walisema hivyo, lakini nyumba yetu haikuwa na mvulana. Alikunja gunia la kahawa, pembe moja ndani ya nyingine, akanivika kichwani likawa kama joho la kunikinga mvua. Miguu ilikuwa wazi. Tope la ukingoni lilikuwa baridi kiasi kwamba baada ya muda sikujua tena vidole vyangu vinaishia wapi. Tulitega migono ya matete chini ya daraja, mahali maji yalipobanwa kati ya mawe mawili, kisha tukakaa na fimbo zetu kwenye shimo la matofali, tukitazama vipande vya funjo tulivyovifunga kwenye nyuzi vikielea. Kipande kikizama, Mjomba alinong'ona, "Bado. Mwache aamini." Kikizama mara ya pili alivuta.

Kazi moja hakuiweza, kutunga chambo. Mnyoo unateleza, na ule mkono wake haukuweza kuushika. Mimi ndiye niliyemtungia. Nilishika mnyoo kwa kucha, nikaupitisha kwenye ndoana mpaka ncha ikafichika, na yeye akatazama kwa makini kama fundi anayemkagua fundi mwenzake. "Koku," alisema siku moja, "kumbe huku ndiko vidole vyangu vilikokimbilia." Sijui kama nimewahi kupewa cheo kikubwa zaidi ya hicho.

Samaki tuliokuja nao Mama aliwapika kwa ndizi na bilinganya chungu. Kila mara, kabla ya kuwapasua, Mjomba alichagua mmoja, si mkubwa sana lakini mzuri, akamfunga kwenye jani la mgomba na kunituma nimpelekee Adelina.

Adelina alikuwa mjane kijana asiye na mtoto. Alikuwa Mlutheri na sisi Wakatoliki, lakini Mama alimpenda kama mdogo wake. Alasiri walikaa pamoja wakitafuna buni za kuchemsha na kucheka mambo ambayo nikisogea waliyanyamazia. Nilifikiri samaki yule alikuwa malipo ya chumvi aliyotuazima. Sikuwa na habari kwamba Mama alikuwa ameanza kuhesabu miezi ya kungoja kabla ya kuzungumza na wakubwa wa pande zote mbili habari za ndoa.

Shuleni mwaka ule tulijifunza maneno mengi mapya. Kiswahili kwetu kilikuwa lugha ya darasani. Nyumbani tulisema Kihaya, na neno jipya nililibeba mpaka nyumbani nikalichungulia peke yangu. Mwalimu alituambia nchi yetu ina adui anayeitwa kupe. Kupe hafanyi kazi, anakula jasho la wenzake. Mimi kupe nilimjua, nilishamwona kwenye masikio ya ng'ombe wa babu. Nikajua basi kwamba mtu asiye na kazi huota kupe. Jioni ile Mjomba alipokuwa akioga uani, nilimzunguka na kumkagua mgongo, kwapa, na nyuma ya masikio.

"Unatafuta nini, mwana wange?"

"Kupe. Mwalimu amesema asiye na kazi anao."

Alicheka mpaka maji yakamwingia puani. Kisha akaacha kucheka, akavaa shati juu ya mwili wenye maji. Mama aliniita ndani na kunifinya sikio, bila kunieleza kosa.

Baada ya hapo ulikuja mkutano kwenye uwanja wa shule. Bwana mmoja mgeni, mwenye miwani, alisema mji hauwezi kulea watu wanaozurura. Wasio na kazi wataandikwa na kupelekwa kwenye vijiji vipya vya ujamaa, huko Ngenge, ambako kuna bonde, rutuba na maji tele. Watu wazima walitazama chini. Mimi nilisikia maneno mawili tu, Ngenge na maji.

Ngenge nililijua kutoka kwa Mjomba. Alipokuwa kijana alipita huko akiwaswaga ng'ombe wa babu, na kila tulipokaa ukingoni bila kupata kitu alinisimulia mabwawa yake, na kambare wenye urefu wa mkono wa mtu mzima ambao unawasikia wakipumua kwenye majani. "Siku moja nitarudi kule," alisema. Alikuwa anasema kama watu wanavyosema juu ya ujana wao. Mimi nilidhani anasema juu ya safari. Kwa hiyo nilipotoka mkutanoni nilijua jambo ambalo, kwa mshangao wangu, wakubwa hawakulifurahia. Serikali ilikuwa inawapeleka watu kwenye mabwawa ya Mjomba, na sharti lilikuwa moja tu, kutokuwa na kazi.

Kama ingeishia hapo ningesema nilimtaja kwa mapenzi. Kwa miaka mingi nilijiambia hivyo. Lakini kuna Jumapili moja katikati.

Jumapili ile mvua kubwa ilikuwa imenyesha. Mjomba akasema mto umefura, nibaki nyumbani. Nilibaki kidogo, kisha nikachukua gunia langu nikamfuata. Nilipofika kwenye mashimo ya matofali nilimwona amekaa mahali petu. Kando yake alikaa Adelina, ametoka kanisani, khanga imekunjwa magotini, na alikuwa anamtungia chambo. Hakuijua ile kazi. Mnyoo ulimponyoka, akacheka, akajaribu tena. Mjomba naye alicheka, na ule mkono wake mbovu, aliouficha mbele ya kila mtu, ulikuwa wazi juu ya goti lake kwenye mvua.

Sikuwaita. Nilirudi nyumbani nikalala chini ya blanketi na miguu yangu yenye tope. Nilifikiria kwa makini sana, kama mtoto wa miaka minane anavyoweza. Hakunihitaji tena. Akienda Ngenge, Adelina ana nyumba yake na kwaya yake, hataenda. Mimi nitaenda, kwa sababu mimi ndiye vidole.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa Mzee Joasi, fundi viatu, mtu mpole. Alikuja Jumanne alasiri, tofauti na siku zote, akiwa ameongozana na kijana kutoka ofisini aliyebeba daftari.

"Hodi, waitu," aliita kwa heshima ya Kihaya.

"Karibuni." Mama hakusimama. Mguu wake ulikuwa juu ya kanyagio la cherehani.

"Tunaandika watu," Mzee Joasi alisema. Hakumtazama Mama, alitazama cherehani. "Hapa ni wewe, mtoto, na Felisiani. Felisiani si ndiye anayefanya kibarua kule bandarini? Cha kupakia magunia?"

Sasa nikiwa mtu mzima naliona jinsi yule mzee alivyotufungulia mlango. Alijua vizuri kwamba mwenye mkono ule hawezi kupakia gunia. Alikuwa amemwekea Mama jibu mdomoni, akabakiza kulimeza tu.

"Ndiye," Mama alisema. "Ameondoka asubuhi."

Kijana akainamia daftari. Nikaona nafasi inapita.

"Mama, Mjomba hana kazi," nikasema, kwa Kiswahili changu kizuri cha shule. "Anavua samaki tu kila siku. Mwandikeni naye aende kwenye mabwawa."

Gurudumu la cherehani likasimama. Mzee Joasi alifumba macho. Kijana wa ofisini alichuchumaa mbele yangu akatabasamu, na sikuona ubaya wowote katika uso wake, hata leo siuoni.

"Na sasa hivi mjomba wako yuko wapi, mtoto mzuri?"

"Chini ya daraja. Ana migono yake."

"Ahsante. Unasema kweli. Endelea hivyo hivyo."

Walimchukua mtoni, mgambo wawili, suruali imekunjwa mpaka magotini. Walioshuhudia walisema hakubishana, aliomba tu aiondoe migono isije ikabaki na samaki ndani. Hawakumruhusu.

Mama hakunipiga. Nilimsubiri anipige. Alikaa kwenye kiti cha cherehani mpaka giza lilipoingia, kisha akasema, "Hukusema kitu. Umenisikia? Mtu akikuuliza, wewe hukuwepo." Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba haikuwa zawadi.

Waliokamatwa waliwekwa kwa siku mbili kwenye uzio wa bohari moja. Wengi wao walikuwa vijana, na baadhi niliwafahamu kwa sura, kuna aliyeuza karanga na kuna aliyesukuma mkokoteni. Tulimpelekea chakula. Mjomba alikuja kwenye wavu wa uzio, koti lake bado na tope la mto.

"Dada," aliuliza, "nani aliwaambia niko darajani?"

Mama alinishika mkono kwa nguvu mpaka kiganja kikaniuma.

"Ua wa matete una masikio," alisema.

Nyumba yetu ilikuwa na ua mmoja tu wa matete, na nyuma yake aliishi mtu mmoja tu. Mjomba aliushika wavu wa uzio.

"Adelina?"

Mama hakusema ndiyo wala hapana. Alifunua chungu. "Kula, Felisiani. Chakula kinapoa."

Asubuhi ya kuondoka, lori lilisimama barabarani limejaa. Tulikuwa tumesimama na ndugu wa wengine. Adelina alikuja mbio, kitambaa cha kichwa kimelegea, mkononi ana furushi, labda nguo, labda chakula, sikujua. "Felisiani!" aliita. "Waitu, Felisiani!" Mjomba alikuwa pembeni kabisa, angeweza kunyoosha mkono akalichukua. Aligeuza uso wake upande wa ziwa. Lori likaondoka. Adelina alibaki katikati ya barabara na furushi lake, na alipogeuka macho yake yalikutana na ya Mama, kisha na yangu. Nilijificha nyuma ya gauni la Mama.

Tulikwenda kumwona wakati wa kiangazi. Basi lilitufikisha Muleba, kisha tukashuka kuelekea bondeni kwa lori la mahindi na kumalizia kwa miguu. Nilikuwa mtoto wa mjini na wa migomba, sikuwahi kuona nchi kavu namna ile. Nyumba za nyasi zilipangwa mistari kama madawati. Hapakuwa na kivuli. Watu walikuwa wakirudi kutoka shamba la pamoja na majembe begani, na mmoja wao, mwembamba, mwenye macho ya manjano, alipotukaribia sikumjua mpaka alipouficha mkono mfukoni.

"Koku," alisema, "mabwawa yapo. Njoo uyaone."

Bwawa lilikuwa limekauka. Tope lake lilikuwa limepasuka vipande vipande, na harufu yake ilikuwa ile ile iliyonifungisha dirisha mwezi uliopita. Mjomba alitembea juu yake taratibu, akitazama chini, mpaka alipoona tundu dogo la kupumulia. Akachimba kwa jembe. Akatoa bonge, akalipasua, na ndani yake alikuwemo samaki mrefu amejikunja katika utando wa utelezi, mzima.

"Emamba," alisema.

Nilipiga kelele nikakimbia. Katika kitabu changu cha shule mamba alikuwa na meno na alikuwa anakula watu. Mjomba alicheka, cheko fupi lililomalizikia kwenye kikohozi. "Mamba wa Kiswahili ni mwingine. Huyu ni kamongo. Maji yakiisha hujizika mwenyewe, akangoja."

Tulikaa ukingoni. Mama alikuwa nyuma yetu kidogo, akifungua mzigo wa ndizi. Mjomba alikuwa anatetemeka juani, homa za bonde lile zilikuwa zimeshamzoea. Bila kunitazama aliuliza, "Yule jirani yenu. Bado anaimba kwaya?"

"Anaimba," nikasema.

"Huwa anauliza habari zangu?"

Alikuwa anauliza kila asubuhi. Alisimama upande wake wa ua akasema, "Mmeamkaje? Kuna habari za Ngenge?" Na Mama aliniamuru nisiitikie. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Ningesema, Mjomba, si yeye, ni mimi. Nilimtazama Mama. Alikuwa ameacha kufungua mzigo, na uso wake ulikuwa unaniomba, kwa namna ambayo mtu mzima hapaswi kumwomba mtoto.

"Hapana," nikasema. "Haulizi."

Mjomba aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa jambo. Kisha akaniuliza habari za shule.

Nikiwa na miaka minane nilimtaja bila kujua. Hilo watu wengi wangenisamehe. Lakini siku ile bwawani nilijua. Ndiyo maana nasema sijawahi kulisimulia mwanzo mpaka mwisho. Kila nilipojaribu niliishia kwenye lori.

Alifariki masika yaliyofuata. Katekista mmoja alikuja kwa baiskeli kutuletea habari. Walikuwa wameshamzika huko huko. Tulikaa msiba nyumbani bila maiti, na siku ya pili Adelina akaingia uani kwetu na mkungu wa ndizi kichwani, kama jirani yeyote. Alipiga magoti akautua. Mama hakuitikia salamu yake. Wanawake wote waliona. Adelina alikaa kwenye majani pamoja na waombolezaji mpaka jioni, hakuna aliyezungumza naye, kisha akainuka akaenda. Ule mkungu uliivia palepale ulipotuliwa.

Waliishi hivyo, pande mbili za ua mmoja, miaka zaidi ya ishirini. Adelina hakuolewa tena. Nilisoma, nikaajiriwa, nikaolewa, na kila niliporudi nilimkuta Mama kazeeka kidogo na ua ukiwa umefumwa upya, mnene zaidi. Mara moja tu, nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza, nilithubutu kuuliza.

"Mama, kwa nini ulimwachia Adelina lile jambo?"

Alikuwa anakata kitambaa. Aliendelea kukata.

"Ningesema ni wewe, Felisiani angekufa akikuchukia. Angemchukia mtoto aliyempenda kuliko wote. Niliwaza hivyo kwa muda mfupi tu pale kwenye uzio. Nilijua nitalirekebisha baadaye." Mkasi ukafika mwisho wa kitambaa. "Baadaye haikuja, mwanangu. Kila siku iliyopita ilifanya iwe vigumu zaidi."

Mama alipofariki na wageni wa msiba walipotawanyika, nilizunguka kwa njia ya barabarani nikapiga hodi kwa Adelina. Nywele zake zilikuwa nyeupe. Alinikaribisha bila mshangao, akanitolea buni za kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama alivyokuwa akimtolea Mama zamani. Sikuweza kuzitafuna. Nilimwambia yote: Jumapili ya mvua, daftari, uzio wa bohari, bwawa kavu, na lile "haulizi" langu. Nililia kama mtoto. Yeye hakulia.

"Nilikuwa hapo uani kwangu namenya ndizi," alisema nilipomaliza. "Nilikusikia. 'Mwandikeni naye aende kwenye mabwawa.' Kiswahili chako kilikuwa kizuri."

"Ulijua? Siku zote hizo?"

"Nilijua."

"Mbona hukujitetea? Ungemwambia Mjomba. Ungeweza kwenda Ngenge ukamwambia."

"Nimwambie nini? Kwamba ni mtoto? Wewe ulikuwa na miaka minane, Koku, na ungeishi nalo. Nilijiambia, acha, mama yake anajua ukweli, siku moja moyo utatulia, atakuja."

Nikamshika mikono, nikamwomba msamaha. Aliniachia mikono yake nikaishika, lakini alikuwa anatazama mlangoni.

"Wewe sikukungoja," alisema. "Mtoto hangojwi. Kila asubuhi niliposema mmeamkaje, nilikuwa namngoja mama yako."